Jina Nililokataa Kuliita Yordani

Alipita viti kumi vitupu akaja kuketi mbele yangu. Basi lilikuwa limesimama Rosettenville, nje ya kanisa letu, ambalo zamani lilikuwa duka la matairi, na watu wa mtaa wa Berea walikuwa bado hawajachukuliwa, kwa hiyo nafasi ilikuwepo hata ya kulala. Lakini yeye alinitafuta kwa macho tangu mlangoni, akanipata, akaja. Kitambaa chake cha kichwa, kimesimama kama kuku aliyepanda juu ya chungu, kikaniziba barabara yote ya mbele.

"Jambo, mama," akasema, bila kugeuka.

Nikakohoa. Kwa mtu kama yeye hiyo inatosha.

Huyo ni mjane wa yule mwanamume. Jina la yule mwanamume nalijua lote, la nyumbani, la ubatizo, na la mama aliyemzaa, na mwaka huo ulikuwa wa sita tangu afe, na wa sita nikikataa kulitoa mdomoni. Mjane alikuwa ameapa mbele ya wanawake wa kwaya kwamba mwaka huo lazima litoke. Ndiyo sababu aliketi pale. Alitaka nitazame kisogo chake siku nzima.

Acha nieleze, maana mtu asiye wa kwetu anaweza kudhani tumechanganyikiwa. Sisi wengi ni watu wa Kivu, na Warundi kidogo. Makaratasi yetu ni ya ukimbizi. Karatasi hiyo inakuruhusu kuishi Johannesburg na kuchoka Johannesburg. Haikupandishi ndege kwenda Yerusalemu. Mchungaji wetu wa kwanza, ambaye sasa ni marehemu, aliwaona watu wa makanisa makubwa wakirudi kutoka Israeli na chupa za maji ya Yordani na picha wamesimama juu ya mawe. Akakasirika. Mzee yule alikuwa na hasira nzuri. Alisema Waisraeli wenyewe walitembea jangwani nchi bado hawajapewa, basi na sisi tutatembea na hiki tulicho nacho. Akakodi basi la siku moja, akatugawia mahali. Misri ni jengo la matofali mekundu kule Jeppestown, zamani kiwanda, ambamo wengi wetu tulipanga vyumba vya kutenganishwa kwa mapazia tulipofika. Sinai ni kilima cha manjano cha udongo wa mgodi. Galilaya ni bwawa ambako watu wa mji wanakuja kuchoma nyama. Yordani ni kijito chenye matete, huku kusini, na upana wake mbuzi anaruka. Wenye pasipoti wanatucheka. Wacheke.

Yordani ndipo kazi yangu ilipo. Pale naita marehemu wetu, wote waliokufa tangu tutoke kwetu, waliokufa njiani na waliofia hapa. Naita jina la nyumbani, jina la ubatizo, halafu nasema ni mtoto wa nani, yaani jina la mama. Watu wanajibu, "Amefika." Basi. Naendelea na mwingine. Mzee alitaka jina la mama kwa sababu wengi walikufa njiani bila mtu wao karibu. Alisema hapa angalau mtu aitwe akiwa mikononi mwa aliyemzaa. Jina lisilo na mama halijibiwi. Hiyo ndiyo desturi, na hata wajukuu wangu, ambao wanaongea Kizulu na Kiingereza tu na Kiswahili wanakisikia kama mvua ya nje, wakifika Yordani wanajibu "Amefika" pamoja na wakubwa.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Orodha sina. Majina yamo kichwani, na yamepangwa kwa nyumba. Naanza kijiji cha juu, naingia mlango huu, nawaita wa humo, natoka, naingia wa pili. Nikianza kuita, mtu anaweza kuchemsha chai, akainywa, akaosha kikombe, bado naita. Wameniletea simu wanirekodi, nimekataa. Hata hapa kwenye daftari sitaandika jina moja. Majina hayo yana mahali pake.

Sasa yule mwanamume. Tulipokimbia yeye alikuwa na lori. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miaka kumi na tisa na mguu umevimba, hawezi kuukanyaga. Nilikuwa nimemburuta tangu alfajiri. Lori likaja, limejaa magunia ya maharage na magodoro. Nilishika mlango wake, nikamwita kwa jina lake la nyumbani. Akanitazama. Akasema, "Mama, lori limejaa." Akaondoka, na mimi nikaliangalia godoro la juu likitikisika mpaka lori likapotea kwenye kona. Nikamketisha mwanangu kivulini, nikaenda kutafuta maji. Niliporudi hakuwepo. Kilikuwepo kipande cha kitenge nilichomfunga mguuni, na nyasi zimelala.

Mwanangu simwiti Yordani. Hakuna aliyemwona amekufa. Siwezi kusema amefika wakati sijui.

Na yule mwanamume naye, baada ya miaka, akatokea Johannesburg, akawa mlinzi wa maegesho ya magari, akaoa mara ya pili, akaingia kanisani kwetu, akapaka rangi kuta zote bila kuombwa, akaugua figo, akafa. Kwenye matanga yake sikwenda. Na Yordani nikamruka. Mwaka wa kwanza watu walidhani nimesahau. Mwaka wa pili wakajua.

Basi likaenda Berea, likajaa. Jirani yangu wa kiti alikuwa fundi cherehani, mama wa Kirundi, mnene, ambaye akiketi anakaa kiti kimoja na robo.

"Yaya," akaniambia, kama anavyomwita kila dada mkubwa, "leo umekunywa siki?"

"Sijanywa kitu."

"Basi huo ndio uso wenyewe. Nisamehe." Akachungulia kisogo cha mbele, akashusha sauti, lakini sauti yake haishuki sana. "Huyu naye amejifunga nyumba ya ghorofa. Unaona njia?"

"Sioni."

"Mwambie."

"Sina la kumwambia."

Kitambaa kikatikisika. Alikuwa anasikia.

Misri tulishuka wote tukasimama upande wa pili wa barabara, tukilitazama lile jengo. Watu wapya wanaishi humo sasa, nguo zao zinaning'inia madirishani kama zetu zilivyoning'inia. Mwanamke mmoja alitoa kichwa dirishani akauliza kwa Kizulu kama tumekuja kuwafukuza. Mchungaji wa sasa, kijana aliyevaa viatu vyake vya ulinzi kwa sababu siku za wiki analinda mlango wa duka kubwa, akamwambia hapana, tumekuja kusali. Yule mwanamke akafunga dirisha. Tukasomewa habari za Farao na matofali.

Mjane akaja kusimama ubavuni kwangu, bega kwa bega.

"Hapa ndipo mume wangu alipofikia," akasema. "Chumba cha tatu, juu."

"Najua alipolala. Mimi nililala chini yake. Nilimsikia akikoroma."

"Miaka miwili kwenye ngazi moja hukujibu salamu yake."

"Salamu alikuwa nazo nyingi. Nafasi kwenye lori ndiyo ilikuwa kidogo."

Alilitazama jengo. Nikafikiri nimemmaliza, na sitasema uongo, nilifurahi. Lakini aliponigeukia hakuwa amekasirika kama nilivyotaka.

"Leo utamwita, mama."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Nimechoka kusimama pale nikisikia wa wenzangu wanafika, wangu yuko njiani. Miaka sita mtu yuko njiani. Hata wewe ungechoka."

"Wa kwangu yuko njiani zaidi ya miaka ishirini," nikamwambia. "Hata kuchoka sijaanza."

Tukarudi kwenye basi. Akaketi palepale.

Sinai ilikuwa vumbi tupu. Ulikuwa mwezi wa tisa, mvua bado, na upepo wa mwezi huo unachukua udongo wa mgodi unautia kwenye meno ya watu. Kilima chenyewe kina uzio, kwa hiyo tunasimama chini yake, pembeni ya barabara, na malori yanapita yanatupigia honi. Dereva wetu, mtu wa hapa, hakushuka. Alifunga kioo akafungua gazeti lake.

Kwaya ilipokuwa inaimba, mchungaji akanishika mkono akanivuta kando.

"Mama, naomba tuongee."

"Ongea."

"Mwaka huu majina yote yaitwe."

"Nayaita yote kila mwaka."

"Yote, mama. Na la mzee yule."

"Lile halimo."

"Kwa nini halimo? Alikuwa mshirika wetu. Kanisa lote amelipaka rangi kwa mikono yake."

"Alipaka vizuri. Ukuta umefika. Yeye bado."

Kijana akatazama chini, akafuta vumbi mdomoni. Sio mtu mbaya. Alizaliwa wakati sisi tuko barabarani, na mambo ya barabarani anayajua kama anavyojua ya Farao.

"Mama, wewe hukuwekwa kulinda mlango wa mbinguni."

"Kulinda ni kazi yako, mwanangu. Mimi naita tu."

Hapo uso wake ukabadilika. Nilikuwa nimegusa pabaya, na niligusa nikijua. Akasema, "Sawa. Basi na mimi nitajua la kufanya." Akarudi kwa watu wake, akasoma amri kumi kwa sauti ya kunielekea mimi. Alipofika kwenye waheshimu baba yako na mama yako alipita haraka.

Fundi cherehani akaniuliza, tulipoketi, "Kijana alitaka nini?"

"Kunifundisha kazi."

"Na umefundishika?"

"Unaonaje?"

"Naona vumbi tu, yaya. Nawe umelikalia."

Galilaya ndiko tunakokula. Wanawake wanatandika vitenge kwenye nyasi na masufuria yanafunguliwa: bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, maharage. Pembeni yetu vijana wa mji walikuwa wamefungulia muziki kwenye gari, na moshi wa nyama yao ulikuwa unakuja kwetu wote. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa ajili ya magoti yangu. Mjane akaja na sahani. Hakuja kimya, alipita katikati ya wanawake wote ameishika juu, ili nikikataa nikatae mbele ya watu.

"Kula, mamamkwe," akasema.

Wengine wakacheka kidogo, halafu wakaacha.

Kwa desturi zetu hakukosea, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Mama aliyemzaa yule mwanamume alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa wa umri mmoja, tuliteka maji pamoja, tulisukana, tulitoroka shule pamoja darasa la tatu na hatukurudi. Aliolewa kwanza, akashika mimba, na siku ya kuzaa ni mimi niliyekuwa nimeshika taa. Mtoto alitoka. Yeye hakuamka. Mtoto nilimpokea kwenye kitenge changu. Kwetu ukipokea mtoto namna ile, naye ni wako. Kwa hiyo mkewe ni mkwe wangu, hata nikimchukia mpaka kesho.

"Mimi sikukuita mkwe," nikamwambia.

"Hujaniita kitu chochote. Ndiyo shida tuliyo nayo." Sahani ikabaki hewani. "Sema neno moja tu. Ulimchukia kwa sababu ya lori?"

"Sikumchukia kwa sababu ya lori. Nilimchukia kwa sababu ya magodoro. Maharage yanaliwa. Lakini kumwacha mtoto ili godoro lipande..."

"Alirudi."

Nikamtazama.

"Alirudi, mama. Alishusha mzigo darajani, akageuza lori, akarudi mpaka ile kona. Hakumkuta. Hakuwakuta ninyi wote wawili."

"Nani alikwambia?"

"Yeye."

"Akiwa mzima au akiwa mgonjwa?"

"Mgonjwa."

"Mgonjwa anaongea mengi."

"Hakuwa wa kuongea mengi. Unamjua kuliko mimi."

"Kwa nini hakuniambia mimi, tuliokaa ngazi moja miaka miwili?"

"Alikuja mlangoni kwako mara ngapi?" akasema, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Kila akigonga ulikuwa unaongeza redio. Alikuwa anarudi chumbani anasema, mama ameongeza redio. Jumba zima lilikuwa linasikia mahubiri yako."

Wanawake walikuwa wameacha kutafuna. Ni kweli nilikuwa naongeza redio. Ni kweli pia kwamba mtu mwenye neno la kweli anaweza kulisema juu ya redio. Na hata kama alirudi, nani alimwambia aondoke? Yote matatu niliyafikiri pale kwenye ndoo. Nilichukua ile sahani nikampa fundi cherehani. Akaitazama, akanitazama, akaanza kula.

"Chumvi imepungua," akasema, akiwa ameshafika katikati.

Mjane akaondoka. Sikula kitu siku hiyo.

Yordani tulifika jua limeanza kulegea. Mifuko ya plastiki imenasa kwenye matete na maji yananuka kidogo sabuni, lakini yanatembea, na mzee wetu alisema maji yakitembea yanatosha. Dereva alishuka safari hii, akagonga saa yake kwa kidole. "Asambe, gogo," akaniambia, twende, bibi, robot zote, yaani taa za barabarani, zitajaa magari. Nikamwambia marehemu wetu hawana haraka. Akacheka, akaenda kuvuta sigara.

Watu wakasimama ukingoni. Nikavua viatu, nikaingia mpaka kwenye kifundo cha mguu, kama kila mwaka, nikashika tete moja ili nisiteleze. Nikaanza kijiji cha juu. Jina, jina, mtoto wa fulani. "Amefika." Jina, jina, mtoto wa fulani. "Amefika." Ninapoita sioni watu. Naona milango. Naona ule wenye bati la bluu, ule wenye mbwa, ule wa mwalimu ambaye watoto wake wote wanne naita mmoja baada ya mwingine na sauti haitakiwi kukatika. Mzee wetu mwenyewe, mchungaji wa kwanza, nikamwita. Nilishuka kijiji chote. Nilipofika kwenye nyumba ile, ya rafiki yangu, nilipita nje haraka kama nilivyozoea, bila kuangalia ndani, nikaingia ya jirani. Nikamaliza. Nikasema amina.

Hapo mchungaji akainua mkono.

"Tunamshukuru mama," akasema. "Mama ana umri sasa. Kama kuna jina limesahaulika, mwenye nalo aliite mwenyewe."

Limesahaulika. Alisema hivyo, mbele ya watu wote, na miguu yangu imo majini. Mimi sijawahi kusahau jina la mtu tangu nizaliwe. Ningeweza kumwambia pale jina la mama yake na bibi yake na la mbuzi wao. Niligeuka nimjibu, lakini mjane alikuwa ameshapanda juu ya jiwe.

Alivua kile kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe, sikujua. Akaita jina la ubatizo la mumewe, akaita jina la ukoo, akangoja.

Hakuna aliyejibu. Sio kwa ubaya. Jina lilikuwa halijatimia.

"Mtoto wa nani?" akauliza mzee mmoja kutoka nyuma, kwa upole, kumsaidia.

Na yeye akajibu kwa nguvu, kama mtu aliyejiandaa. Akamtaja mama wa kambo.

Yule mama wa kambo namjua. Alimpiga mtoto yule kwa mchi. Alimnyima chakula mpaka mtoto akawa anakuja jikoni kwangu jioni, anaketi karibu na mafiga bila kuomba, na mimi nampakulia. Kila mtu wa kwetu alijua, ila waliojua wamekufa, na mke wa pili aliyeolewa naye Johannesburg angejulia wapi? Mumewe alikuwa amemwambia tu kwamba mimi nilimpokea, na alikuwa anamwita yule mwanamke mama, kwa adabu, na mkewe akaamini ndiye aliyemzaa. Sasa mtoto yule alikuwa karibu kufikishwa mikononi mwa mwanamke yule, milele, mbele yangu.

Na rafiki yangu je? Rafiki yangu alikufa zamani mno kabla ya vita, hayumo kwenye majina ninayoita. Alizaa mara moja tu. Hakuna mdomo mwingine duniani ambao jina lake lingetoka, wala njia nyingine ya kutokea, ila nyuma ya jina la mwanawe. Miaka sita nilikuwa nimemfungia mtoto mlango, na yeye nikamfungia ndani. Hilo sikuwa nimeliona. Niliona lori tu.

Watu walikuwa wamevuta pumzi kujibu.

"Hapana," nikasema. "Si mtoto wa huyo."

Halafu mdomo wangu ukafanya kazi yake. Jina la nyumbani, ambalo mkewe hakulijua. Jina la ubatizo. Mtoto wa, na nikalitaja jina la rafiki yangu, lote, na lile la utani tuliloitana kisimani, ambalo hata halitakiwi.

"Amefika," wakasema wote.

Wote, pamoja, kama wanavyojibu siku zote, kwa sababu sauti ilikuwa yangu na jina lilikuwa limetimia. Wajukuu wangu nao. Mchungaji naye. Neno likavuka maji na hapakuwa na mtu wa kulirudisha. Nilibaki nimeshika tete. Nilikuwa nimekusudia kusahihisha tu.

Mjane alishuka kwenye jiwe, akaja mpaka ukingoni, akaninyooshea mkono nitoke. Maji ni baridi mwezi huo na magoti yangu ni ya zamani. Nikaushika.

"Ahsante, mamamkwe."

"Sikumwita kwa ajili yako."

"Najua."

"Wala kwa ajili yake."

"Najua, mama. Vaa viatu."

Wakati nafunga kamba, akauliza, kwa sauti ya chini, huyo niliyemtaja ni nani. Nikamwambia ndiye mamamkwe wako wa kweli. Akalirudia lile jina mara mbili ili alishike. Alikosea kidogo, nikamrekebisha, akalirudia tena. Halafu akaniuliza, na mwanao, anaitwa nani? Nikamwambia huyo hajafa.

Kurudi hakuketi mbele yangu. Alienda nyuma kabisa, na kiti kile kikabaki kitupu, hata watu walipobanana hakuna aliyekitaka. Basi zima nikaliona: dereva, kioo, robot nyekundu, magari yamejaa kweli kama alivyosema. Mchungaji alikuja akachuchumaa kando yangu akasema, "Mama, neno lile la kusahau, nisamehe." Nikamwambia jina la bibi yake mzaa mama, ambalo najua halijui. Akaenda kuketi.

"Kwa hiyo mmepatana," akasema fundi cherehani.

"Nani kapatana?"

"Ah. Mimi nilidhani."

"Wewe ulikula sombe yake. Patana naye wewe."

Sijamsamehe yule mwanamume. Habari ya kwamba alirudi mpaka kona naigeuza kichwani mpaka leo. Siku nyingine naiamini mpaka saa ya chai, halafu naona lile godoro. Lakini nikijaribu kuyapitia majina, kama ninavyofanya nikiwa nachambua maharage ili yasipotee, nashuka kijiji, nafika nyumba ile, na mlango uko wazi. Yuko ndani, ameketi karibu na mama yake, ambaye bado ana miaka kumi na nane na ni mdogo kuliko yeye. Hakuna namna ya kumtoa. Aliyeitwa ameitwa.

Mwaka kesho nitaingia humo kama ninavyoingia kwa wengine. Nitamwita, nitatoka. Kuketi sitaketi.